Mtumishi na Simu Yake: Siri ni ya Nani?

Katika parishi yetu wengi wetu twaishi kwa mshahara. Hata katika nyumba zenye migomba na kahawa kihambani, mmoja au wawili huteremka mjini kila asubuhi kwenda kazini: muuguzi, mwalimu, karani wa benki, dereva, mlinzi, mpishi wa hoteli, mpagazi wa mlimani. Na karibu kila mmoja wao ana simu yenye kamera mfukoni. Kwa hiyo swali tunaloliandikia leo si la wasomi wala si la vijana peke yao. Mtu aliyeajiriwa aseme nini katika WhatsApp, Facebook au Instagram juu ya yale anayoyaona kazini, na anyamaze juu ya nini?

Tumesikia majibu mawili. La kwanza ni la waajiri, na la wazazi wengi pia ambao wanaogopa mtoto wao asipoteze kazi: usiseme lolote. Yaliyo kazini yabaki kazini. La pili ni la vijana: simu ni yangu, bando nimelinunua kwa fedha yangu, saa za kazi zimekwisha, nani wa kunizuia? Majibu haya mawili yanapingana, lakini yanafanana kwa jambo moja, kwamba yote humwokoa mtu na taabu ya kufikiri.

Natuutazame mlima kwanza, kwa kuwa ndio unaotulisha wengi. Mwezi wa Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilizindua intaneti ya kasi mlimani, hata kituo cha Horombo kilicho kwenye kimo cha mita 3,720. Ni jambo jema, maana mwongozaji mwenye mgonjwa sasa anaweza kuita msaada upesi. Lakini zamani habari za mlimani ziliteremka kwa miguu. Mgeni akizidiwa kule Kibo, habari yake ilifika Moshi pamoja naye au nyuma yake, nayo ilifika imepungua, kwa sababu waliomshusha walikuwa wamechoka na walitaka kula na kulala. Sasa picha yake yaweza kufika Marangu Mtoni kabla mwenyewe hajafika Mandara.

Na wanaofanya kazi ile wanajua ugonjwa wa mwinuko humfanya mtu nini. Mtu mzima mwenye heshima kwao anayumba kama aliyelewa, anatapika, anasema maneno yasiyo na maana, pengine hawezi hata kuzuia haja. Anafungwa mikanda juu ya machela ya gurudumu moja na kuteremshwa njia nzima huku akilia. Wanaomwona hivyo ni mwongozaji wake na wapagazi, basi. Mke wake hajamwona, watoto wake hawajamwona. Alipolipa fedha zake alilipa apandishwe na ashushwe salama, hakulipa atazamwe.

Hapo kila mtu atakubali kwamba kijana akirusha video ile amekosa. Lakini tuseme mwenye kampuni mwenyewe anamwambia, irushe, wateja wapya wataona jinsi vijana wetu wanavyookoa watu. Ruhusa imetoka kwa mkubwa, na ni kwa faida ya kazi. Je, sasa ni halali? Sisi twasema hapana. Mwenye kampuni hawezi kutoa ruhusa juu ya kitu kisicho chake. Aibu ile ni ya mgeni, na ni yeye peke yake, akiwa amepona na akili zimemrudia, awezaye kusema ionyeshwe au isionyeshwe.

Twaona hapo ndipo lilipo kosa la jibu la kwanza. Linadhani kwamba siri zote za kazini ni mali ya mwajiri, kama viti na mafaili. Sivyo. Siri nyingi tunazozishika kazini ni za watu waliokuja kwetu wakiwa hawana jinsi: mgonjwa, mtoto, mkopaji aliyeshindwa kulipa, mgeni asiyejua njia. Walitufungulia mambo yao kwa sababu walihitaji msaada, wala si kwa sababu sisi ni rafiki zao. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Basi mtumishi ni kata. Ameingizwa ndani ya mtungi ili achote maji, na huko ndani ameona mengi.

Wauguzi wetu wanalijua hili kuliko sisi, maana walifundishwa chuoni. Hata hivyo tumesikia watu wakijitetea: lakini sikutaja jina. Katika mji wa watu mamilioni huenda utetezi huo una maana. Kwetu hauna. Ukiandika kwamba kuna mama wa kutoka Uru, mwalimu, amelazwa tangu Jumatatu kwa ugonjwa fulani, hujaficha kitu; kufikia jioni watu wa upande wote ule wamekwisha kumjua, na huenda wamekwisha kumhukumu. Hata picha isiyo na uso yatosha. Watu wa Kibosho au wa Old Moshi wanajuana kwa kanga, kwa kovu la mguu, kwa sauti ya kikohozi. Vihamba vyetu vimepakana, na habari huvuka mpaka wa masale bila kubisha hodi.

Waalimu nao wana jaribu lao, na hili twalitaja kwa sababu wengi hawalioni kuwa ni jaribu hata kidogo. Wakati wa kusahihisha mitihani hutokea majibu ya kuchekesha. Mtoto ameulizwa hili, amejibu lile, kwa mwandiko uliopinda na tahajia ya ajabu. Mwalimu anapiga picha karatasi, anaituma katika kundi la waalimu wenzake wacheke baada ya siku ndefu. Twaelewa, kazi ya ualimu ina uchovu wake, na kicheko ni dawa. Lakini kundi la waalimu 40 lina waume na wake na shemeji wa hao 40. Baada ya siku mbili karatasi ile inasomwa kwenye baa ya mbege, na mama wa mtoto anautambua mwandiko aliousimamia mwenyewe mezani usiku kwa usiku. Mtoto wa darasa la tatu hakuandikishwa shule ili atuchekeshe. Tena yule mtoto hatajibu tena swali kwa ujasiri, na mwalimu huyo huyo atalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawanyoshi mikono darasani.

Sheria ya nchi imelitazama jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa ni taarifa nyeti. Twafurahi kwamba ipo. Lakini mtu anayengoja sheria imwambie asimcheke mtoto, huyo ana shida kubwa kuliko ya kisheria.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao ni mgumu zaidi, na ambao mahubiri mengi juu ya ulimi huupita haraka.

Tuseme karani wa chama cha msingi anaona kwamba mizani ya kahawa imechezewa. Kila mkulima anayeleta gunia anapunjwa kilo moja au mbili. Karani hakuichezea yeye. Ameikuta hivyo, na ameambiwa na wakubwa wake kwamba mambo ya ofisi ni siri ya ofisi. Je, hiyo nayo ni siri ya mtungi? Wahenga hao hao walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu asidhani methali hizi zinagombana. Kila moja ina mahali pake, na ili kujua tushike ipi yatupasa kuuliza: nikisema ataumia nani, na nikinyamaza ataumia nani? Picha ya mgonjwa ikirushwa, anayeumia ni mnyonge. Habari ya mizani ikifichwa, anayeumia ni mnyonge vile vile. Kwa hiyo uaminifu ule ule unaomfunga mdomo muuguzi ndio unaomfungua mdomo karani. Siri ya mizani si siri ya mkulima. Ni siri ya mwizi wake.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kesi ya namna hii, nasi twaiona inafaa kufikiriwa. Tarehe 26 Februari 2020 ndege ya shirika la China Southern iliyobeba abiria 239 ilitua Nairobi. Wakati huo ugonjwa wa korona ulikuwa ukiua watu kule China, na Kenya ilikuwa bado haijatangaza mgonjwa hata mmoja. Wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi. Mtumishi mmoja wa Kenya Airways aliyekuwa kazini uwanjani akaipiga video ndege ile, na video ikaenea nchi nzima. Watu wakauliza kwa nini ndege zinaendelea kuja kutoka huko. Mtumishi akasimamishwa kazi. Makelele yakawa makubwa, shauri likapelekwa mahakamani, na mahakama ikaingilia kati kumtetea yule mtumishi, na tena ikazisimamisha safari za ndege kutoka China kwa muda.

Je, alitenda vema? Tumeligeuza swali hili mara nyingi, na tumefika mahali pa kusema ndiyo, alitenda vema. Kuwasili kwa ndege hakukuwa siri ya abiria yeyote. Wenye kuweza kuumia kwa kufichwa walikuwa watu wa nchi nzima, pamoja na yeye mwenyewe na wenzake waliokuwa wakishika mizigo ile kwa mikono. Na hatari ilikuwa ya siku ile ile, si ya kuandikiwa barua na kungoja kikao cha mwezi ujao. Lakini twaongeza neno. Wengi wanaojificha nyuma ya mfano wake hawana hata sababu moja kati ya hizo. Mtu amegombana na msimamizi wake kwa sababu ya zamu, akafungua ukurasa kwa jina la kubuni na kuandika kwamba hoteli nzima ni ya wezi na wazinzi. Huyo hana mnyonge anayemtetea. Ana hasira yake tu, na hasira hiyo atawapa wapishi na wafua nguo waibebe siku wageni watakapokataa kuja.

Katika nchi yetu mtumishi mwenye habari nzito ajue njia zilivyo. Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, nayo humlinda mtu anayepeleka habari ya uovu kwa mamlaka inayohusika kwa nia njema. Haikuwekwa kwa ajili ya anayeitupa habari Instagram. Kuna TAKUKURU, ambao hupigiwa bila malipo kwa namba 113. Kuna vyama vya wafanyakazi. Na kwa upande wa pili kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka 2015 pia, ambayo kwa habari za uongo humtoza mtu faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Karani wetu akisema mizani imechezewa na asiweze kuonyesha, atalala ndani yeye, na mizani itabaki pale pale. Kwa hiyo aandike tarehe, aandike uzito, apime gunia lile lile kwenye mizani nyingine mbele ya shahidi.

Hata hivyo tusijidanganye. Njia hizo ni za polepole, na mara nyingine mlango unaoambiwa ubishe ndio mlango wa yule yule unayemshitaki. Kuna watu waliobisha kila mlango wakachoka, ndipo wakasema hadharani. Hao hatutawaita wasaliti. Tunachowauliza ni haya tu: Je, umesema uliyoyaona au uliyoyasikia? Je, umeuficha uso wa mnyonge? Je, umeweka jina lako? Twajua hili la tatu ni zito kwa mwenye watoto wanaosoma, na hatuthubutu kulitoza kila mtu.

Mshahara nao tuutaje, kwa kuwa waajiri wengine wameugeuza kuwa siri takatifu. Mpagazi akisema katika kundi la wapagazi wenzake kwamba amefika lango la Mweka na hakupewa malipo aliyoahidiwa, hajatoa siri ya mtu yeyote isipokuwa yake mwenyewe. Ni jasho lake. Kusema kwa wafanyakazi juu ya wakubwa si uvumbuzi wa simu. Wazee wetu watakumbuka Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao kifungu chake cha 15 kilikemea viongozi wenye majivuno na dharau, na jinsi wafanyakazi viwandani walivyokishika kifungu kile mkononi, mpaka mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel kule Dar es Salaam wakakitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Serikali iliyouandika Mwongozo haikupendezwa na jinsi ulivyosomwa. Lakini wale walisimama mchana, wakajulikana, na madai yao yalikuwa ya kueleweka.

Mpaka hapa tumesema na watumishi. Lakini parishi hii ina waajiri pia, wakubwa na wadogo, na si haki kuwaacha wakitikisa vichwa kwa kukubali.

Kuna mkubwa wa kazi anayemkaripia mtumishi katika kundi la WhatsApp la ofisi, saa tano za usiku, mbele ya wenzake wote pamoja na mfagizi na mlinzi, halafu siku ya pili anashangaa kwamba maneno ya ofisi yametoka nje. Ni nani aliyeyatoa kwanza? Yupo mwingine anayewalazimisha watumishi warushe matangazo ya biashara yake katika kurasa zao wenyewe, na asiyerusha anaandikwa. Ukurasa ule ni kama baraza ya nyumba ya mtu. Mwajiri amenunua saa nane za siku, hakununua baraza. Na akitaka kuwa na masharti juu ya mitandao, jambo ambalo ni haki yake, basi ayaandike, ayasome kwa Kiswahili cha kueleweka, tena kabla ya kosa na si baada yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai sababu ya haki na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Vijana wengi hawajui kwamba siku zinahesabiwa.

Tena kuna mwajiri ambaye hajijui kuwa ni mwajiri, naye ni mama au baba mwenye dada wa kazi nyumbani. Tumeona picha za mabinti hawa zikizunguka katika makundi ya jumuiya na ya vikoba, uso wazi, jina la kijiji limeandikwa chini: jihadharini na huyu, ameniibia, ametoroka. Pengine ni kweli ameiba. Pengine ameondoka kwa sababu hakulipwa miezi mitatu. Sisi tunaopokea picha hatujui, na wengi wetu hatuulizi, tunaipeleka mbele. Binti mwenyewe ana umri wa miaka 17, hana ukurasa wa kujibia, na kundi lile hayumo. Mlango wa kila nyumba ya mji huu umekwisha kufungwa mbele yake naye hajui. Ikiwa tunamlaumu mpagazi kwa kumpiga picha mgeni aliyezidiwa, hili tulipe jina gani? Mwenye kuibiwa aende polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa, na kitambulisho cha binti kipelekwe huko, si kwa wanakikoba.

Limebaki swali ambalo dada mmoja alituletea, nalo ni la haki kuulizwa: na aliyekwisha kurusha je? Amefuta ujumbe, amesikitika, inatosha?

Wazee wa Kichagga walikuwa na desturi ya isale. Aliyemkosea mwenzake alikata jani lile, akalifunga fundo, akaenda nalo mpaka mlangoni kwa aliyemkosea, mwenyewe au pamoja na mzee. Aliyepelekewa isale ilikuwa vigumu mno kwake kukataa. Lakini angalia kwamba jani halikujipeleka. Ilibidi mtu atembee, aonekane njiani akiwa amelishika, na watu waliomwona wakajua kwamba fulani anakwenda kuomba radhi. Kufuta ujumbe ni kitu kingine. Kule ni kuficha jembe baada ya kukata mgomba wa jirani. Mwalimu aliyerusha karatasi ya mtoto aende kwa mama wa yule mtoto, kisha arudi katika kundi lile lile la waalimu 40 na kuandika kwamba amekosa, awaombe walioipeleka mbele wawaambie waliowapelekea. Haitawafikia wote. Wengine watacheka mara ya pili. Mtoto, hata hivyo, ataambiwa na mama yake kwamba mwalimu alikuja nyumbani.